Kutambua Spishi ya Malkia wa Sisimizi Uliyemkamata Porini

Malkia wa kwanza niliyemkamata nilimtazama kwa dakika chache tu. Nikaona rangi ya kahawia na vifundo viwili kiunoni, nikamwandika kuwa ni Tetramorium, kisha nikamfungia katika neli yenye maji na pamba na kumwacha gizani bila chakula, kwa kuwa malkia wa Tetramorium hulea kizazi chake cha kwanza kwa akiba ya mwili wake mwenyewe. Baada ya wiki tano alikuwa amekufa. Nilipomchunguza upya kwa lenzi, safari hii bila haraka, niligundua kwamba alikuwa Myrmica, jenasi (yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ambayo malkia wake kwa kawaida huhitaji kula katika kipindi chote cha kuanzisha koloni. Jina nililoliandika vibaya ndilo lililomuua, na ndiyo sababu sioni utambuzi kuwa jambo la kujifurahisha linaloweza kusubiri. Ni sehemu ya kwanza ya utunzaji.

Sisimizi waliokwisha kuelezwa na wanasayansi ni zaidi ya spishi 14,000, katika jenasi zaidi ya 300, na funguo nyingi za utambuzi, yaani maswali ya hatua kwa hatua yanayomfikisha mtu kwenye jina, zimeandikwa kwa kutazama wafanyakazi, si malkia. Kwa hiyo anayemshika malkia pekee ana nusu ya ushahidi mkononi. Nusu hiyo, ikisomwa kwa utaratibu unaofaa, humfikisha mtu kwenye jenasi mara nyingi na kwenye spishi mara chache. Utaratibu ninaoufuata ni kuanza na umbo la mwili, kisha mahali na wakati alipopatikana, na rangi kuiweka mwisho kabisa.

Hakikisha kwanza kwamba ni malkia, na kwamba ni sisimizi

Katika mazungumzo ya kila siku watu wengi hutumia neno mchwa kwa wadudu wa aina mbili zisizo na undugu wa karibu, na kumbikumbi wanaoruka baada ya mvua mara nyingi hudhaniwa kuwa malkia wa sisimizi. Kumbikumbi ana mabawa manne yenye urefu unaokaribiana sana, hana kiuno, na vipapasio vyake vimenyooka kama uzi wa shanga. Sisimizi ana bawa la mbele refu kuliko la nyuma, kiuno chembamba chenye kifundo kimoja au viwili, na kwa malkia vipapasio vimekunjika kama kiwiko, kwa sababu kipande cha kwanza, nitakachokiita shina, ni kirefu sana kuliko vinavyofuata.

Dume wa sisimizi naye ana mabawa na huruka siku ileile. Kichwa chake ni kidogo ukikilinganisha na kidari, yaani sehemu ya kati ya mwili, macho yake ni makubwa, taya zake mara nyingi ni dhaifu, na shina la kipapasio kwa spishi nyingi ni fupi, hivi kwamba kipapasio chote huonekana kimenyooka. Ukiweza kuhesabu vipande vya kipapasio, dume kwa kawaida ana 13, ilhali jike hazidi 12. Napenda kutaja hapa wadudu wakubwa wa kahawia, wenye manyoya na fumbatio (sehemu ya nyuma ya mwili) refu kama soseji, wanaokuja kwenye taa usiku katika maeneo yenye siafu, kwa kuwa huokotwa mara nyingi sana na watu wanaotumaini wamepata malkia wa ajabu. Hao ni madume wa Dorylus. Malkia wa siafu hana mabawa katika maisha yake yote, hana macho, na huishi katikati ya mamilioni ya wafanyakazi wake, kwa hiyo hakuna taa itakayomleta.

Baada ya hapo mtofautishe malkia na mfanyakazi mkubwa, jambo ambalo huwasumbua hasa wanaokutana na Camponotus, ambao wafanyakazi wao wakubwa wana vichwa vinene na urefu wa kutisha. Tazama kidari ubavuni. Cha mfanyakazi ni chembamba na kimeungana, kwa sababu hakijawahi kubeba misuli ya kurukia. Cha malkia kimeinuka, ni kinene, kimegawanyika katika mabamba kadhaa yanayoonekana wazi, na kama ameshakata mabawa utaona pande zake visiki vidogo vyeusi mahali yalipokuwa yameshikilia. Juu ya kichwa, kati ya macho mawili makubwa, malkia wengi wana vijicho vitatu vilivyopangwa kama pembetatu. Alama hii peke yake haitoshi, kwa maana wafanyakazi wa baadhi ya jenasi, kama Formica, nao wanavyo. Lakini vijicho pamoja na kidari kinene haviachi shaka. Zipo pia spishi chache, hasa katika nusufamilia (kundi la jenasi zenye undugu) ya Ponerinae, ambazo malkia wao hawaoti mabawa na hufanana mno na wafanyakazi, ila hao ni nadra kukutwa wakitembea peke yao.

Andika kabla hujachunguza

Tarehe, saa, hali ya hewa ya siku hiyo na ya siku iliyotangulia, kama mvua ilinyesha, kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari, aina ya mazingira, na nukta za ramani kutoka kwenye simu yako: yote haya yaandikwe papo hapo, kwa kuwa kesho utakuwa umeshaanza kubuni. Andika pia alichokuwa akifanya. Malkia anayekimbia ardhini bila mabawa mchana, anayechimba shimo, aliyejificha chini ya gome, au aliyekutwa chini ya jiwe pamoja na wafanyakazi, kila mmoja anakuambia jambo tofauti.

Thamani ya maelezo hayo inatokana na ukweli kwamba kila spishi ina majira yake ya kuruka kwa ajili ya kupandana. Lasius niger wa Ulaya huruka zaidi mwezi wa Julai na Agosti, katika alasiri za joto zisizo na upepo mkali. Camponotus pennsylvanicus, sisimizi mweusi wa mbao wa mashariki mwa Amerika ya Kaskazini, huruka majira ya kuchipua. Katika nchi kavu spishi nyingi hungoja mvua nzuri na kuruka muda mfupi baadaye, ardhi ikiwa bado laini ya kuchimbika. Spishi nyingine hazitoki kabisa: malkia wa Linepithema humile, sisimizi wa Ajentina aliyesambaa duniani, hupandana ndani ya kiota, na koloni hugawanyika kwa miguu. Kwa hiyo ukikuta malkia pekee katikati ya uwanja, jina hilo liweke chini kabisa katika orodha yako.

Kama bado ana mabawa, mpige picha mara moja, maana huenda akayakata usiku huohuo. Mishipa ya bawa la mbele huunda vyumba vilivyofungwa, na idadi na mpangilio wa vyumba hivyo hutenganisha jenasi. Camponotus, kwa mfano, hukosa chumba kimoja cha kati ambacho Formica huwa nacho. Mabawa yaliyoanguka usiyatupe. Yabandike kwenye kadi nyeupe, kwani ni ushahidi usiomgharimu malkia chochote.

Picha tatu na kipimo kimoja

Malkia aliyetishwa hatulii, na kumshika kwa vidole kunaweza kumvunja mguu au kumkasirisha mwenye mwiba. Mhamishe kwa brashi laini hadi kwenye neli au kisahani cha kioo, kisha mweke ndani ya jokofu kwa dakika chache, asiingizwe kamwe kwenye sehemu ya kugandisha. Baridi itampunguzia mwendo kwa muda unaotosha picha kadhaa, na atarudi katika hali yake akipata joto la chumba.

Picha zinazohitajika ni tatu: ya ubavuni, ikionyesha mstari wa mgongo kutoka kichwani hadi mwisho wa fumbatio, ya uso, kamera ikiwa imeelekea kichwa moja kwa moja, na ya juu. Hizo ndizo pembe zinazotumiwa na hifadhidata ya AntWeb ya California Academy of Sciences, kwa hiyo picha zako zitaweza kulinganishwa na za vielelezo vilivyotambuliwa na wataalamu. Picha kumi zilizopigwa kutoka juu tu hazitoi msaada wa picha moja nzuri ya ubavu, kwa sababu kiuno, miiba ya mgongoni na umbo la kidari huonekana ubavuni.

Chini yake weka karatasi yenye miraba ya milimita. Urefu hupimwa kutoka mbele ya kichwa hadi ncha ya fumbatio, lakini usiuamini sana urefu huo: fumbatio la malkia hutanuka akishiba au mayai yanapokomaa, na hujikunja akiwa na njaa. Upana wa kichwa na upana wa kidari havibadiliki, na uwiano wa viwili hivyo una maana kubwa kuliko urefu wote, kama nitakavyoeleza nikifika kwa malkia wanaoishi kwa wenzao. Kwa jenasi nyingi lenzi ya mkononi inayokuza mara 10 inatosha. Kwa malkia wa milimita nne au tano, ambao vipande vya vipapasio vyao ni vidogo mno, utahitaji hadubini.

Anza kiunoni

Swali la kwanza ni vifundo vingapi vimo kati ya kidari na fumbatio, na swali la pili ni kilichopo kwenye ncha ya fumbatio. Majibu ya maswali hayo mawili hukupa nusufamilia karibu kila mara.

Kifundo kimoja, mara nyingi kilichosimama kama kigamba, na kwenye ncha ya fumbatio tundu dogo la duara ambalo kwa wengi limezungukwa na nywele fupi: huyo ni wa Formicinae. Hana mwiba, hujilinda kwa kurusha asidi ya fomiki, na harufu kali kama ya siki ikijaa ndani ya neli ujue mahali pa kuanzia. Mhamishie penye hewa safi haraka, kwa kuwa asidi hiyo humdhuru hata yeye akifungiwa nayo. Kifundo kimoja lakini tundu la mwisho likiwa kama mwanya mwembamba wa kulala, bila nywele za kuzunguka: hiyo ni Dolichoderinae. Katika jenasi ya Tapinoma, iliyo ya kundi hili, kifundo kimelala na fumbatio limekifunika kiasi kwamba mtu huweza kuapa hakipo.

Kifundo kimoja kinene, na fumbatio lenyewe limebanwa baada ya pingili yake ya kwanza kana kwamba limefungwa uzi: hiyo ni Ponerinae, na mwiba wake ni wa kweli. Wengi wa kundi hili huwinda wakiwa bado peke yao, kwa hiyo malkia wao hutoka nje kutafuta chakula na lazima alishwe. Odontomachus hutambuliwa hata na anayeanza, kwa taya zake ndefu zilizonyooka zinazofunguka hadi nyuzi 180 na kufunga kwa kishindo. Anochetus anafanana naye lakini kwa kawaida ni mdogo zaidi, na kifundo chake hakina ule mwiba mmoja mrefu wa juu alio nao Odontomachus.

Vifundo viwili humaanisha Myrmicinae mara nyingi sana. Kama mwili ni mrefu na mwembamba, macho ni makubwa mno, vipapasio ni vifupi, na amepatikana ndani ya kijiti kilicho wazi, fikiria Pseudomyrmecinae, ambao katika Afrika, Asia na Australia wanawakilishwa na Tetraponera.

Vipapasio na mgongo: hapa ndipo jenasi inapopatikana

Myrmicinae ndiyo nusufamilia kubwa kuliko zote, na ndiyo inayowapoteza watu wengi, mimi nikiwa mmoja wao. Hesabu vipande vya kipapasio kuanzia kwenye shina, kisha rudia kwenye kipapasio cha pili, kwa sababu kimoja huweza kuwa kimekatika ncha bila wewe kutambua. Angalia kama vipande vya mwisho vimenenepa na kuwa rungu, na rungu hilo lina vipande vingapi.

Solenopsis wana vipande 10, mara nyingine 11 kwa malkia, na rungu la vipande viwili. Sehemu ya nyuma ya kidari ni laini, haina miiba. Pheidole wana vipande 12 na rungu la vipande vitatu kwa sehemu kubwa ya spishi zao, na nyuma ya kidari wana jozi ya miiba midogo. Crematogaster wana vipande 10 au 11, lakini kwao huhitaji kuhesabu: kifundo cha pili kimeungana na fumbatio kwa juu badala ya mbele, na fumbatio likitazamwa kutoka juu lina umbo la moyo. Kwa malkia umbo hilo hufifia kwa unene, lakini mahali pa muungano hapabadiliki. Messor wana kichwa kikubwa cha mraba na taya nene za kupasulia mbegu, na spishi nyingi za nchi kavu zina ndevu za nywele ndefu chini ya kichwa.

Tetramorium na Myrmica, waliotajwa mwanzoni, nitawaeleza kwa utulivu zaidi. Wote wawili wana vifundo viwili, wote huwa kahawia, na urefu wao hukaribiana. Ila malkia wa Tetramorium ni mkubwa sana kuliko wafanyakazi wake. Kidari chake kimeinuka na kinaonekana kukilemea kichwa, na mbele ya tundu la kila kipapasio bamba la juu ya mdomo limesimama kama ukuta mdogo, alama ambayo ukishaiona mara moja huisahau tena. Malkia wa Myrmica ni mwembamba, hatofautiani sana kwa ukubwa na mfanyakazi wake, na bamba hilo halikuinuka. Sababu ya tofauti ya unene ndiyo hiyohiyo inayotofautisha namna ya kuwatunza: kidari kikubwa na fumbatio nono ni ghala, kwa maana malkia anayejifungia huivunja misuli yake ya kurukia na mafuta yake ili kuwalisha mabuu. Asiye na ghala hana budi kwenda kutafuta. Kwa hiyo hata kabla hujajua jina, malkia mwembamba aliyekaribia umbo la mfanyakazi achukuliwe kuwa ni wa kulishwa, mpaka ithibitike vinginevyo. Tone dogo la maji ya sukari na kipande cha mdudu aliyeuawa karibuni, vikiondolewa siku inayofuata, havimdhuru asiyevihitaji.

Katika Formicinae tazama mahali kipapasio kinapoota. Kwa Camponotus matundu ya vipapasio yako mbali na ukingo wa bamba la juu ya mdomo, ilhali kwa Lasius na Formica yamegusana nao au yako karibu sana. Polyrhachis ana miiba au meno juu ya kifundo, na wengi wao pia mgongoni. Lepisiota ni wadogo, wana vipande 11, na kifundo chao kina meno mawili juu. Maji moto, yaani Oecophylla, wana kifundo kirefu kilicholala. Kwa kuwa jenasi hii ina spishi mbili tu zinazoishi leo, Oecophylla longinoda ya Afrika na Oecophylla smaragdina ya Asia na Australia, mahali ulipo panatosha kukupa spishi, zawadi ambayo jenasi nyingine ni nadra kuitoa.

Kichwa kipana kuliko kidari

Malkia wa baadhi ya spishi hawawezi kuanzisha koloni peke yao. Huingia katika kiota cha spishi nyingine, hummaliza malkia wa humo, na wafanyakazi waliobaki huwalea watoto wa mgeni. Lasius umbratus ni mfano unaojulikana: huwavamia jamaa zake kama Lasius niger, na malkia wake ana kichwa kipana chenye umbo la moyo, kilicho sawa na kidari kwa upana au kukizidi kidogo, ilhali kichwa cha malkia wa Lasius niger ni chembamba waziwazi kuliko kidari chake. Ndiyo maana nilisisitiza vipimo viwili vya upana. Malkia wa namna hii akiachwa peke yake ndani ya neli hatafanikiwa hata akipewa chakula kizuri, na kama huna uwezo wa kumpatia wafanyakazi wa kumlea, ni haki kumrudisha ulipomtoa siku hiyohiyo.

Rangi, na kwa nini imewekwa nyuma

Swali ninaloulizwa mara nyingi huja likiwa na rangi tu: ni mwekundu, ni mweusi, ni wa njano. Malkia aliyetoka karibuni kwenye kifukofuko huwa mwepesi wa rangi na hukolea kadiri siku zinavyopita; spishi moja huweza kuwa na vichwa vyekundu upande mmoja wa eneo lake na vyeusi upande mwingine; na mwanga wa taa ya nyumbani hugeuza kahawia kuwa nyekundu katika picha. Rangi ina kazi yake baada ya jenasi kujulikana. Ukishajua ni Lasius, mgongo wa kahawia na tumbo la njano vinakuelekeza kwa Lasius flavus, na mwili mweusi wote unakuelekeza kwingine. Ukishajua ni Camponotus wa mashariki mwa Amerika ya Kaskazini, mwili mweusi wenye nywele za dhahabu zilizolala juu ya fumbatio ni alama nzuri ya Camponotus pennsylvanicus. Rangi isiyo na jenasi nyuma yake haithibitishi kitu.

Nywele, kwa upande mwingine, zinastahili uangalifu zaidi ya ule zinaoupata. Lasius niger ana nywele nyingi zilizosimama kwenye shina la kipapasio na kwenye miguu, na Lasius alienus hana au ana chache sana. Hiyo ni tofauti ya spishi inayoonekana kwa lenzi ya mkononi, mradi mwanga utoke ubavuni na nyuma yake kuwe na kitu cheusi.

Kutoka jenasi hadi spishi

Tafuta orodha ya spishi za jenasi hiyo zilizothibitishwa katika nchi au mkoa wako, uondoe zile ambazo vimo vyao, mazingira yao au majira yao ya kuruka hayalingani na maelezo uliyoyaandika, kisha ulinganishe picha zako na za vielelezo vya malkia, si vya wafanyakazi. Orodha ya spishi 40 inaweza kushuka hadi tano kwa njia hii. Kumbuka kwamba orodha huhusu waliokwisha kupatikana tu, na wageni wanaosafiri ndani ya udongo wa mimea na mizigo hawamo mpaka mtu fulani awaripoti. Ikiwa alama za mwili zinakataa majina yote ya orodha, ziamini alama za mwili.

Kuna mipaka ambayo jicho haliivuki. Lasius platythorax ilitenganishwa na Lasius niger mwaka 1991 tu, baada ya kuchanganywa nayo kwa zaidi ya karne mbili, na mpaka leo makazi husaidia kama vile nywele zinavyosaidia: wa kwanza hupenda misitu na ardhi oevu, wa pili bustani na maeneo ya wazi. Sisimizi wa kando ya barabara aliyezoeleka katika miji ya Amerika ya Kaskazini aliitwa Tetramorium caespitum kwa miaka mingi, hadi utafiti wa mwaka 2017 uliounganisha vipimo vya mwili na vinasaba ulipomthibitisha kuwa Tetramorium immigrans. Jenasi za Pheidole na Camponotus zina zaidi ya spishi 1,000 kila moja, na katika maeneo ya joto kumpa jina la spishi malkia wa Pheidole bila kuwaona askari wake wenye vichwa vikubwa ni kubahatisha.

Kwa hiyo usione vibaya kungoja. Wafanyakazi wa kwanza wakitoka, ufunguo ulioandikwa kwa ajili yao utaanza kutumika, ingawa si mara moja: kizazi cha kwanza huwa kidogo na chepesi wa rangi, na katika jenasi nyingi zenye wafanyakazi wa ukubwa tofauti hakina askari. Uamuzi wa mwisho uahirishe hadi koloni iwe na makumi ya wafanyakazi wa kawaida. Mfanyakazi anayekufa kwa kifo chake mwenyewe mhifadhi katika ethanoli ya asilimia 95, pamoja na lebo ndani ya chupa, iliyoandikwa kwa penseli kwa kuwa wino mwingi huyeyuka. Mguu wake mmoja unatosha maabara kusoma kipande cha COI, jeni inayotumiwa kutambulisha spishi, chenye herufi takribani 658, ambacho hulinganishwa na hifadhidata za kimataifa. Jibu la namna hiyo nalo lina thamani kwa kadiri ya vielelezo vilivyomo ndani ya hifadhidata, kwa hiyo lisomwe pamoja na alama za mwili.

Namna ya kuliandika jina

Andika kile tu unachoweza kukitetea. Ukiwa na hakika ya jenasi pekee, andika jenasi ikifuatwa na kifupi sp., mfano Pheidole sp. Ukiona anafanana na spishi fulani lakini alama moja haijathibitika, weka cf. kati ya maneno mawili, mfano Camponotus cf. maculatus, na mtaalamu yeyote ataelewa ulipofikia. Chini ya jina weka tarehe ya utambuzi na alama ulizozitegemea: vifundo vingapi, vipande vingapi vya kipapasio, upana wa kichwa na wa kidari. Malkia mmoja wa Lasius niger aliyetunzwa aliishi karibu miaka 29. Lebo inayoandikwa leo inaweza kusomwa na mtu mwingine baada ya majina ya kisayansi kubadilika, na alama hizo ndizo zitakazomwezesha kulisahihisha jina bila kuanza upya.

Katika makumbusho, lebo ya zamani haiondolewi hata ikiwa na makosa. Mpya huongezwa chini yake. Yule malkia wangu wa kwanza yumo ndani ya chupa ndogo ya spiriti, na lebo zake ni mbili. Ya juu inasema Tetramorium. Ya chini inasema Myrmica sp., ikiwa na tarehe na sababu: mwembamba, miiba ya mgongoni ni mirefu, mbele ya tundu la kipapasio hakuna ukuta.